Mtoto kwenye pikipiki: aanze lini, akae wapi, avae nini

Swali: "Mume wangu ana pikipiki na ndo usafiri wetu wa kila siku. Mtoto wa kwanza ana miaka mitano na nusu, baba yake anampeleka nayo shule, anamkalisha mbele juu ya tenki, anasema akiwa anamuona ndo roho yake inatulia. Mdogo ana miezi tisa, huyo namfunga mgongoni tukitoka wote wanne. Helmeti tunazo mbili na zote za watu wazima. Naomba kujua mtoto aanze kupanda pikipiki akiwa na umri gani, akae wapi, na nimnunulie helmeti gani?"

Jibu:

Dada, naomba nianze na huyo wa miezi tisa japo hukumuulizia sana, maana ndo anayenipa wasiwasi. Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha pikipiki na swali la watoto naulizwa mno, ila kwa mtoto mchanga jibu langu huwa halibadiliki: pikipiki bado sio usafiri wake. Na hapa siongelei kwamba shemeji anaendesha vibaya, hata awe dereva mzuri namna gani, tatizo ni mwili wa mtoto wenyewe.

Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, wakati mtu mzima kichwa chake ni kama moja ya nane tu. Yaani ana kichwa kizito juu ya shingo ambayo misuli yake ndo kwanza inajijenga. Pikipiki ikipiga brek ya ghafla au ikiingia kwenye shimo, kile kichwa kinarushwa mbele na nyuma na shingo haina uwezo wa kukizuia. Sasa ukisema umvalishe helmeti, unakuta mzunguko wa kichwa chake kwa miezi tisa ni kama sentimita 45, na helmeti nyingi za pikipiki za watoto zinaanzia kama sentimita 48 hadi 50, kwa hiyo hata uipate itacheza, na ule uzito wake unazidi kuiumiza shingo ileile tuliyokuwa tunaihofia. Bila helmeti kichwa kiko wazi, na helmeti nayo inaelemea shingo. Hakuna pa kutokea hapo.

Na kumfunga mgongoni, fikiria mkianguka. Mtu aliyekaa nyuma ya pikipiki mara nyingi anaangukia mgongo au ubavu, na mgongoni ndo yuko mtoto. Ukimhamishia kifuani katikati yako na mumeo nako kuna shida yake, uso unabanwa kwenye nguo, kidevu kinainamia kifuani na njia ya hewa inakunjika, na kwa kelele za injini na upepo huwezi kusikia kwamba mtoto anapumua kwa shida. Watoto wa umri huo wanalala haraka sana kwenye mtikisiko, akinyamaza unajua amelala kumbe ndo amebanwa.

Kwa hiyo kwa mdogo, kama kuna gari, basi, hata kutembea kwa miguu kama sio mbali, chagua hiyo. Najua kuna siku usiku mtoto anaumwa na hakuna kingine mlangoni zaidi ya pikipiki, sitakwambia ukae naye ndani. Siku hiyo nendeni dereva, wewe na mtoto tu, mkubwa abaki na mtu. Mtoto awe kifuani kwenye kibebeo kinachoshika shingo, uso umegeuzwa pembeni na wewe unauona, acheni nafasi kati yako na dereva, spidi isizidi 30, na msimame kila baada ya muda mfupi mumuangalie rangi ya midomo na anavyohema. Hiyo haifanyi safari iwe salama, inapunguza tu ukubwa wa hatari, na isigeuke kuwa utaratibu wa kila wiki.

Hiyo 30 sijaitaja tu basi. Ukipiga hesabu, kugonga kitu kisichosogea ukiwa spidi 30 kwa saa ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa kama mita tatu na nusu. Kwenye 40 ni mita sita na kidogo, kwenye 50 inakaribia mita kumi. Angalia jinsi inavyopanda, umeongeza spidi kidogo ila urefu wa kudondoka umekaribia mara tatu. Shemeji akiwa peke yake atachagua anavyoona, akiwa na mtoto hiyo hesabu aibebe kichwani.

Haya, sasa huyu mkubwa.

Umri peke yake hautoshi kukupa jibu na ndo maana sheria za nchi zinatofautiana sana. Italia wanakataza kabisa kubeba mtoto chini ya miaka 5, Ufaransa aliye chini ya 5 lazima awe kwenye kiti chake chenye mikanda, Australia kwenye jimbo la New South Wales chini ya miaka 8 haruhusiwi kukaa nyuma ya dereva. India kanuni walizotoa 2022 zinaruhusu wa chini ya miaka 4 ila kwa masharti ya mkanda wa kumfunga kwa dereva, helmeti, na spidi isiyozidi 40. Wafilipino ndo walionifurahisha mimi, sheria yao ya 2015 kwenye barabara kubwa na zenye spidi haikuweka umri, iliangalia mwili wa mtoto: miguu ifike kwenye vikanyagio, mikono imzunguke dereva kiunoni na kushika, na awe na helmeti inayokubalika. Anza na sheria ya hapo ulipo, hiyo haina mjadala, ila hata kama inaruhusu usiishie hapo, mpime mtoto wako.

Mimi kwenye hayo matatu huwa naongeza la nne, awe ni mtoto wa kuweza kukaa macho na kusikia anachoambiwa kwa muda wote wa safari. Kuna watoto wa miaka saba wanasinzia ndani ya dakika tano tu na kuna wa miaka sita yuko macho anakuhesabia magari. Unamjua wako. Akikosa hata moja kati ya hayo manne, bado hajawa abiria, ni mzigo ambao haujafungwa.

Mpimie hivi. Pikipiki iwe imezimwa, sehemu tambarare, iko kwenye stendi kubwa, mtu mzima ameishikilia. Baba akae sehemu yake, mtoto akae nyuma yake kabisa akigusa mgongo wa baba. Mwambie aweke nyayo kwenye vikanyagio vya abiria. Usiangalie vidole vya miguu, angalia katikati ya wayo na kisigino, kama anagusa kwa ncha tu huku anajivuta basi hajafika, kwa sababu kwenye tuta la kwanza ule mguu utatoka na utaanza kuning'inia karibu na gurudumu. Kisha amshike baba kiunoni kwa mikono yote. Baba ainamie kidogo mbele, halafu kulia, halafu kushoto, uone kama mtoto anaenda naye au anabaki nyuma anateleza. Miaka mitano na nusu wengi wanashindwa kwenye miguu, nakuandaa mapema. Akishindwa, kuna watu wanaongeza vikanyagio vya juu vinavyofungwa kwenye chesisi, vipo na vinasaidia vikifungwa na fundi anayeeleweka, ila sio kile kipande cha chuma kimechomelewa haraka haraka ambacho kitakatika siku mtoto amekisimamia.

Kuhusu kumkalisha mbele kwenye tenki, namuelewa kabisa shemeji, na hiyo hamu ya kumuona mtoto ni ya baba anayejali. Lakini ile ndo sehemu mbaya kuliko zote za kumuweka. Wakigonga kitu, mtoto ndo anakuwa wa kwanza kufika, kifua na tumbo vinaingia kwenye usukani, halafu nyuma yake kuna mwili wa baba wenye kilo sabini au themanini unamfuata na kumbana. Hata bila ajali, mtoto akikaa pale usukani haukunjiki wote, baba anapanua mikono kumzunguka, na mtoto akishtuka anadaka alichokiona mbele yake ambacho mara nyingi ni usukani au mkono wa mafuta. Nimeshaona pikipiki inaruka mbele imesimama tu mtoto amevuta mafuta. Bado hujahesabu upepo, vumbi na wadudu usoni. Anayetaka kumuona mtoto atege kioo cha pembeni kimuonyeshe goti la mtoto, na wakubaliane ishara: mtoto akitaka kitu anagonga tumboni mara mbili, baba akigonga goti la mtoto mtoto anajibu kwa kugonga. Asipojibu, baba anasimama. Hiyo inafanya kazi vizuri kuliko kumuangalia kisogo.

Ule mkanda wa kumfunga mtoto kwa dereva nao watu wananiuliza sana. Kazi yake ni kumzuia asiteleze akisinzia au akiachia mikono, na kwa hilo unasaidia. Ajali ikitokea haumkingi na kitu. Ukiununua uwe umeshonwa kwa kazi hiyo, unapita mabegani na kiunoni mwa mtoto na kufunga kwa mwili wa dereva, una kifungio cha kubonyeza mara moja kinafunguka. Usimfunge mtoto kwenye pikipiki yenyewe wala keria, pikipiki ikilala itaburuzana naye. Na kamba au kitambaa kilichofungwa fundo sahau, fundo halifunguki ukiwa na haraka.

Helmeti sasa, na hapa ndo nitakaa.

Utafiti wa jumla uliokusanya tafiti nyingi ukatoka 2008 ulionyesha helmeti inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa asilimia kama 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia kama 69. Hakuna kifaa kingine kwenye pikipiki kinachokaribia hapo. Lakini hizo faida ni za helmeti iliyokaa kichwani, na helmeti ya mtu mzima juu ya kichwa cha mtoto haijakaa, imewekwa. Kuna siku nilikuwa natazama baba mmoja akizunguka na mwanae uwanjani, mtoto kavaa helmeti ya mamake, kila baba akipiga brek ile helmeti inashuka mpaka puani, mtoto anaachia mkono mmoja airudishe juu, brek nyingine tena. Yule mtoto safari nzima alikuwa anashikilia kwa mkono mmoja. Na wakianguka kweli, helmeti kama ile inachomoka kabla kichwa hakijafika chini, au ule mdomo wake unamchanja, au mkanda unamkaba shingo.

Chukua futi ya kushonea, zungusha kichwa cha mtoto juu kidogo ya nyusi, kama upana wa vidole viwili, ipite juu ya masikio na nyuma pale palipotokeza zaidi. Mtoto wa miaka mitano wengi wanakuja kama sentimita 51. Hiyo namba ndo unaenda nayo dukani, usinunue kwa kukadiria na usinunue kubwa "atakua ataijaza". Nguo nunua kubwa, helmeti hapana. Na mtoto awepo mwenyewe aijaribu.

Ikishaingia kichwani angalia mashavu, yawe yamebanwa kidogo lakini halii. Shika helmeti kwa mikono yako miwili izungushe taratibu kulia na kushoto, ngozi ya paji la uso inatakiwa iende pamoja na helmeti, kama helmeti inazunguka na ngozi imebaki basi ni kubwa. Funga mkanda, kidole kimoja au viwili vipite chini ya kidevu, sio ngumi. Halafu jaribio ambalo watu wanaliruka: simama mbele ya mtoto, peleka mkono nyuma ya kichwa chake, shika ukingo wa chini wa helmeti na uivute juu kuja mbele kama unataka kumvua. Ikitoka na mkanda umefungwa, rudisha dukani. Mwisho ivaeni nyumbani dakika kumi na tano, ukimvua uone kama ana alama nyekundu sehemu moja tu, hiyo inamfinya na siku za kwanza tu ataikataa.

Iwe na alama ya ubora ya kweli ya pikipiki, ya nchi yako au ile ya Ulaya yenye herufi E ndani ya duara, imeshonwa kwenye lebo ya mkanda, maana stika ya nje kila mtu anaweza kubandika. Bonyeza ndani uone ile povu ngumu, kama ndani kuna sponji laini tu basi hiyo ni pambo. Kofia ya baiskeli na kofia ya ujenzi hazikutengenezwa kwa kazi hii. Uzito, kwa mtoto jitahidi iwe chini ya kilo moja na robo, za watu wazima zilizofunika uso zinafika kilo moja na nusu na kuzidi. Mimi kwa mtoto napendelea iliyofunika kidevu, anaanguka na uso huyu, meno na taya viko pale. Ya mtumba usinunue, kwa sababu ile povu ikishapigwa mara moja imeshafanya kazi yake na kwa nje huoni kitu. Vilevile iliyoangushwa kwenye ajali, hata ndogo, itupe na ukate mkanda ili mtu asiiokote.

Miguu. Watu wanaongelea kichwa wanasahau miguu, wakati majeraha mengi ya watoto wadogo kwenye pikipiki yanatokea bila hata ajali. La kwanza ni ekzosi. Bomba likishatembea kidogo lina joto la kutosha kuchoma ngozi kwa mguso mmoja, na mtoto anaungua shavu la mguu wakati wa kupanda au kushuka. Pikipiki nyingi bomba liko kulia, kwa hiyo mfundishe apande na kushuka kushoto siku zote, hata kama kulia ndo kuna mlango wa shule, baba ageuze. Suruali ndefu nzito, viatu vya kufunika, na kinga ya bomba isitolewe.

La pili ni spoku. Kisigino kinaingia kati ya gurudumu na fremu na kusagwa, na lile jeraha linachukua muda mrefu kupona kwa sababu ngozi ya kisigino ni ngumu kurudi. Cheni ile ile hadithi. Weka kinga ya gurudumu la nyuma pande zote mbili, wavu mgumu au plastiki ngumu, fundi anaifunga kwa muda mfupi. Na kamba za viatu, mtandio, mikanda ya begi inayoning'inia, vyote vichomekwe ndani kabla hamjaondoka. Begi la shule lisikae mgongoni kwa mtoto likiwa na uzito, linamvuta nyuma kila mkiongeza mafuta, alibebe baba mbele kifuani au lifungwe kwenye keria.

Akichomeka na bomba, maji safi yanayotiririka ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, zihesabu kweli, maana watu wanaacha baada ya mbili. Hakuna dawa ya meno, hakuna mafuta, hakuna barafu. Funika na kitambaa safi, malengelenge usipasue, nenda hospitali kama ni kubwa kuliko kiganja chake au ipo kwenye kiungo.

Shemeji naye ana kazi yake. Akiwa na mtoto, brek zinatakiwa zianze mapema, nafasi na gari la mbele iongezeke, hakuna kuchomeka katikati ya magari, mvua ikianza anasimama wanajikinga. Kwenye spidi 40, kabla tu mkono haujagusa brek, pikipiki imeshatembea kama mita 17 kwa mtu wa kawaida aliyechukua sekunde moja na nusu kushtuka. Azoee kubeba uzito nyuma kwa kufanya mazoezi na mtu mzima kwanza, sio mtoto awe wa kwanza kumfundishia. Aangalie upepo wa tairi la nyuma na shokapu, maana zile za kulegea zinamrusha mtoto kwenye kila tuta na yeye hana uzito wa kumrudisha kwenye siti.

Na wote wanne kwenye pikipiki moja, ule mshikaki, dada hapo nakuomba sana muache. Pikipiki imetengenezwa kwa watu wawili, vikanyagio viko vinne, siti ni ya wawili, brek zimepigiwa hesabu ya wawili. Mtoto wa katikati hana pa kuweka miguu, haoni mbele kwa hiyo hajui kona inakuja, na wewe wa nyuma umekaa kwenye keria huku mtoto yuko mgongoni nje kabisa ya matairi. Baba aende na mkubwa kama amefaulu vile vipimo, wewe na mdogo mtafute njia nyingine hata kama mtafika kwa kuchelewa. Hela ya kwanza mkiipata iende kwenye helmeti ya mkubwa kabla ya kitu kingine chochote cha pikipiki.

Mkipanda pikipiki ya kukodi, sheria ni zilezile, na usione aibu kumwambia dereva apunguze au kumshusha mtoto ukiona haeleweki. Mtoto asipelekwe peke yake na dereva ambaye humfahamu uendeshaji wake, na helmeti yake aende nayo mwenyewe.

Jambo moja la mwisho, ikitokea wameanguka hata kwa spidi ndogo na mtoto amegonga kichwa, akasimama akacheza, usilale bila kumuangalia. Siku moja hadi mbili zinazofuata ukiona anatapika zaidi ya mara moja, anasinzia muda ambao sio wake na kumuamsha ni shida, analia bila kunyamazishika, anatembea anayumba, mboni za macho hazilingani, au maji ya uwazi au damu yanatoka puani au masikioni, mpeleke hospitali muda huohuo na uwaambie alianguka na pikipiki. Na pale barabarani kama amelala chini na analalamika shingo au hajitambui, msimnyanyue kumpakata, zuieni magari, mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke, mmuangalie anahema, na helmeti msiivute kumvua isipokuwa hapumui na hamna namna nyingine ya kumfikia mdomo, hapo wawili wafanye, mmoja ameshika shingo na taya mwingine anaitoa polepole.